Kiyoyozi Kisichojua Utani

Kiangazi kilipokaribia, niliosha kichujio cha kiyoyozi chetu kwa maji ya sabuni, nikakianika kivulini. Mwanangu mchanga, Shamte, alikwisha kutokwa na harara shingoni. Nilipopanda kukirudisha kichujio na kuwasha, wifi yangu Mwanakheri alinishikia ngazi.

"Shuka taratibu, wifi. Ukivunjika, kaka yangu ataoa mwenye akili!"

"Nani atamkubali akishakuona wewe?"

Tulicheka. Kiyoyozi, kilichokuwa kimeanza kupuliza, kikazimika. Sheria ya sasa huruhusu baridi katika nyumba zenye maneno mema tu. Kiyoyozi husikiliza, na utani hakiujui.

Kwa ajili ya mtoto, tulikubaliana: ndani adabu, barazani utani. Msimu mzima tuliambiana ndani, "Karibu, mpendwa," kisha tukatoka mbio kwenda kutaniana kwenye joto hadi mbavu zikauma. Harara ikapona.

Jana, barazani, tukitiririkwa na jasho, Mwanakheri alinitazama, akasema, "Umependeza, wifi yangu."

Niliangua kicheko mapema, nikingoja amalizie.

Hakuwa na la kuongeza.