Alama Kwenye Mpini

"Shikamoo, bibi," alisema yule Mzungu.

Bibi Semeni aliendelea kupura maharage uani kwa ubao wake mnene wenye mpini, maganda yakimrukia mgeni miguuni.

"Ndio wenyewe!" Mgeni akaudaka ubao, akasema kwa Kiswahili chake cha darasani. "Ubao wa kupigia mpira wa kriketi! Wa babu wa babu yangu. Alicheza kwao Uingereza, akaja huku Uluguru enzi za wapagazi, akafa kwa homa. Ninaandika kitabu cha maisha yake. Naomba niurudishe nyumbani."

"Nyumbani kwake ni hapa. Achia."

Hakuachia. Alikuwa akipapasa mpini, ambako alama za kisu zilipangana toka juu hadi chini, zimelainishwa na viganja vya watu wengi. Machozi yakamlenga.

"Unaona? Alikuwa akihesabu ushindi wake."

"Babu yako hakukata hata moja," alisema Bibi Semeni. "Aliyezikata ni mpagazi wake, mjomba wa bibi yangu. Kila akichapwa kwa ubao huu, alingoja bwana mkubwa asinzie, akatia alama."

Kidole cha mgeni kilikuwa kimefika kwenye alama ya mwisho. Ilizama kuliko zote, ikauzunguka mpini mzima.

"Na hii?" aliuliza taratibu.

Bibi Semeni akauvuta ubao wake kwa nguvu, akapiga rundo la maharage pigo moja.

"Hiyo ni ya siku alipochoka kuchapwa, akamnyang'anya ubao. Haya, nenda kaandike homa."