Shimo Nyuma ya Nyumba ya Ngiri

Wachimba kokoto walipohama waliacha shimo kubwa nyuma ya nyumba ya Ngiri, na Ngiri alikuwa mtu wa kuogopa sana macho ya watu. Aliposikia wakwe wanakuja kumposa binti yake, alirundika udongo ukingoni na kusimika jembe juu yake.

Chura, aliyehamia humo tangu mvua za kwanza, akachungulia. "Baba Ngiri, tafadhali. Humu mna watoto wangu. Matete yameanza kuota, na juzi Korongo alikuja kutafuta pa kujenga."

"Wakwe zangu waone shimo? Kesho nalifukia!"

Lakini wakwe walifika siku hiyo hiyo, ndimi nje, maana mito yote njiani ilikuwa imekauka. Ngiri akawakaribisha kwa maneno mengi, kwa sababu mtungi wake ulikuwa mtupu.

Mara vyura wakaanza kuimba.

"Chura haimbi pakavu," alisema Mama Gwasi, mama wa mposaji. Akainuka, akaifuata sauti, na wenzake wote nyuma yake. Ngiri akajifunika uso.

Walirudi wakichuruzika maji. "Tumekunywa, tumeoga, tumeona na ndege tuliodhani wamekwisha," alisema Mama Gwasi. "Kumbe mkwe una neema hii, ukanyamaza! Nani analitunza ziwa lile?"

Ngiri akatanua kifua. "Mimi mwenyewe!"

Sauti ikatoka kwenye matete, ya upole kabisa: "Basi, Baba Ngiri, lirudishe jembe ndani, wakwe wasije wakauliza lilikuwa la kazi gani."