Gauni la Kwenye Runinga

Siwema aliagiza gauni aliloliona kwenye runinga, jepesi, la buluu, likimwagika kama maji mwilini mwa mrembo. Lililoletwa asubuhi hiyo lilikuwa la kijivu, gumu kama turubali, tena lilimbana kwapani. Alikaa kitandani nalo mwilini, akalia.

"Limefika?" aliuliza Makame, mumewe, aliyepofuka mwaka uliopita.

"Limefika, baba Rehani, lakini wamenidanganya. Silo nililokusimulia."

Makame alinyoosha mkono, akalipapasa taratibu kuanzia begani hadi kwenye pindo.

"Basi nisimulie hili."

Siwema alifuta machozi, akalitazama upya.

"Lina rangi ya wingu," alisema polepole, "mvua inapokaribia kunyesha."

Makame akageuzia uso dirishani, akivuta pumzi kama anayenusa udongo ulioloa.