Mtutu wa Kubadilisha

Mzee Ambindwile alifungua mtutu wa bunduki kwa mara ya tatu asubuhi hiyo, akauviringisha kwenye kitenge, akampa mkewe. Felista akaupachika kwapani, akashuka uwanjani kwenye matope, akazunguka nyuma ya jiko. Huko, ndani ya ua wa matete, kulikuwa na mtu.

Kasim aliyaona yote hayo akiwa kwenye kigoda, mlangoni mwa karakana. Ana duka la vifaa vya ujenzi mtaa wa Bagamoyo, pale Tukuyu mjini, na alikuwa amepanda hadi kijijini Matwebe kuleta msasa na oili. Angekuwa ameshaondoka, ila mvua.

"Mzee, hii bunduki ya nani?"

Mzee akanyoosha mdomo kuelekea jikoni. "Ya huyo."

"Na huyo ni nani?"

"Acha nimalize kwanza. Nimechoka, Kasim."

Haki yake kuchoka. Miaka thelathini na minane ametengeneza magobore, ametengeneza bunduki za wenye vibali kutoka kila kata, za kufukuzia nguruwe pori na ngedere mashambani. Na kibali chake cha ufundi kilikuwa kinakwisha siku hiyohiyo. Mkaguzi asipotia saini, vifaa vyote vinabebwa kabla ya jioni, na kazi nyingine mzee haijui.

"Mkaguzi si ndiyo leo?" Kasim akauliza.

"Ndiyo leo."

"Akimkuta mtu amejificha huko nyuma je?"

"Hawezi kumkuta."

Felista akarudi, kitenge mkononi. "Baba Yohane, anauliza faida ya mtutu wa kubadilisha ni nini."

Mzee alijibu akiwa ameinama, sauti ya chini, kama mtu anayerudia darasa uzeeni. "Mwambie mtutu ukichakaa, mtu hanunui bunduki nyingine. Anafungua huu, anatia mwingine. Mwembamba kwa ngedere, mnene kwa nguruwe, kitako ni kilekile. Ukiufungua, bunduki nzima inaingia kwenye begi la shule."

Felista akaenda.

"Kwenye begi la shule," Kasim akasema. "Na mtu anayetaka bunduki ikae kwenye begi unamfahamu ni wa namna gani?"

"Namfahamu."

"Mimi nina watoto, mzee."

"Hata mimi ninaye mmoja. Nipe hiyo oili."

Kasim akampa, kisha akainuka kama anayekwenda kujisaidia. Akapita ubavuni mwa jiko, akachungulia kwenye matete. Aliona buti mbili nyeusi, nzito, na mkono ulioshika simu inayohesabu sekunde. Akarudi upesi kuliko alivyokwenda.

"Amevaa buti za askari," alinong'ona. "Jangili anapata wapi buti za askari? Basi yuko askari mmoja huko porini anatembea peku."

Mzee alicheka kidogo, kicheko kikaishia kwenye kikohozi.

Felista alikuwa ameshafika tena, mtutu kwapani. "Anauliza ubaya wake."

"Ubaya ni mwingi. Nati ikilegea hujui mpaka umekosa. Matope yakiingia kwenye maungio, haukai sawa. Na kubwa kuliko yote, mtu ana mitutu miwili na risasi za aina mbili mfukoni, giza limeingia, ana haraka. Akitia risasi ya huu kwenye ule, inampasukia usoni."

Felista alikwenda, akarudi. Safari hii hakukaa mbali. Alichuchumaa karibu na mumewe.

"Anasema ufunge mara ya mwisho, anapima muda. Halafu useme: ukiutoa na kuurudisha hivyo, risasi itapiga palepale ilipokuwa inapiga?"

Mzee akaanza. Vidole vilikuwa vimekakamaa kwa baridi. Spana ikamponyoka, ikaingia chini ya meza. Kasim, pamoja na hofu zake zote, akaipapasa na kumrudishia. Mtutu ukaingia, ukakazwa. Mzee akaufuta, akautazama ndani, akaiweka bunduki juu ya kitenge.

"Sema ndiyo," Felista akasema. "Baba Yohane, sema tu ndiyo, tupumzike. Atakuwa anataka ndiyo."

"Hajaniambia anataka nini."

"Vifaa vyako vyote viko humu ndani."

Mzee akaitazama meza: jiliwa, tupa, nyundo ndogo ambayo mpini wake ameubadilisha mara nne.

"Mwambie hapana. Inahama kidogo kila ukifungua. Lazima upige tena kwenye shabaha kabla hujaenda nayo popote. Fundi atakayemwambia vinginevyo anamdanganya."

Felista akaibeba bunduki, akaondoka. Mvua ikazidi juu ya bati. Kasim akavaa koti lake, akasimama, akakaa tena.

Felista aliporudi hakuwa na bunduki. Alikuwa ameshika karatasi kwa mikono miwili. Mzee alimwashiria Kasim, na Kasim akaipokea akaisoma kimoyomoyo, kisha kwa sauti.

"Kibali cha ufundi wa silaha. Miaka miwili." Akageuza mbele na nyuma. "Muhuri upo. Saini ya mkaguzi ipo. Mkaguzi mwenyewe kafika saa ngapi?"

"Toka saa mbili," Felista akasema.

Kasim aliutazama ua wa matete, akairudia karatasi. "Lakini hapa kwenye jina la fundi pako wazi."

Mzee Ambindwile alikuwa ameegemea ukuta, amefumba macho.

"Mkaguzi ndiye huyo, mke wa Yohane," alisema. "Sisi huku mkwe haonani na baba mkwe wake; jina langu atalitajaje, hata kwa kalamu? Andika wewe, mikono yangu imekwisha."