Mkono Kwenye Wavu

Asubuhi ile Zamda alimchukua mtoto wa tumbili bila kutumia nguvu. Mama tumbili alikuwa amemzoea Zamda; alimwachia mwanawe kama mtu anavyomwachia jirani, akaendelea kumenya ndizi. Watafiti walitaka kujua tumbili akinyang'anywa mtoto hufanya nini, na kazi ya Zamda ilikuwa kukaa mbele ya kizimba na kuandika kila alichokiona.

Mwanzoni mama alizunguka akilia. Zamda akaandika. Kisha tumbili akanyamaza, akasogea, akapenyeza mkono kwenye wavu wa chuma, akaushika mkono wa Zamda, mkono uleule uliomchukua mwanawe. Akaanza kuuchambua polepole, kidole kwa kidole, kama anayemtafutia chawa ndugu yake.

Kalamu ikamdondoka Zamda. Alitamani angeng'atwa.

"Anafanya nini sasa?" Bwana Mkufya, mkuu wake, aliuliza kutoka dirishani.

"Ananibembeleza, bwana. Tumrudishie mwanawe."

"Jaribio halijaisha, binti. Andika kwamba ametulia."

Zamda hakuandika. Aliutoa mkono wake taratibu, akachukua ufunguo, akaenda chumba cha pili alikofungiwa mtoto.

"Ukifungua, kazi huna!" Mkufya alimpigia kelele kwa nyuma.

Zamda alisimama mlangoni, ufunguo mkononi. Mtoto alipomwona tu, alipanda wavu wa kizimba chake, akamnyooshea mikono yote miwili.