Neno la Kwao

"Mwanangu, hilo neno la mwisho ni la wapi?"

Ujumbe wa mama ulimkuta binti yake amejilaza kitandani bwenini, nywele bado mbichi, pazia likipanda na kushuka kama kifua cha mtu aliyelala. Akasoma upya alichokuwa ameandika kwenye kundi la familia: mtihani umekwisha, mama, nimekula, usijali. Kisha neno moja dogo, lililoingia bila kupiga hodi.

Lilikuwa neno la kijana anayesoma naye maabara. Kwao ndivyo wanavyomuaga mtu wa moyoni. Muhula mzima wawili hao walikuwa wakiandikiana kwa simu, lugha tatu katika sentensi moja, hadi binti akaacha kusikia ipi inaishia wapi na ipi inaanzia wapi.

"Kwetu neno hilo halipo," shangazi akadakia. "Limekuja na nani?"

Angeweza kulifuta. Angeweza kuisingizia simu. Kidole gumba kiligusa kioo, kikaacha alama ya unyevu iliyonywea polepole hadi ikatoweka.

"Ni la kwao, mama," akaandika. "La mtu ninayetaka umjue."

Mama akawa anaandika, anaacha, anaandika tena.

"Linatamkwaje?"

Binti akaketi. Akaisogeza simu mdomoni, akabonyeza pa kurekodi sauti, akalitamka taratibu, vile vile anavyotamkiwa.