Kufuli Amekumbatia Nini?

Mpira ulijiburuta polepole, kama mgeni asiyejua mlango, ukaingia wavuni. Kipa wetu, Kufuli, alikuwa amejirusha upande huohuo, akalala chini, glavu zote mbili kazibana kifuani.

Sebule ya mkewe ikalipuka. Tulikuwa tumejazana mpaka kwenye mikono ya makochi.

“Ameuza mechi huyo!” shemeji yake akafoka.

“Wewe hata kuku hujui kumuuza, utajua mechi?” jirani akamjibu, watu wakaangua kicheko.

Mkewe hakucheka. Muda mfupi kabla ya hapo, Kufuli alikuwa amegonga kichwa kwenye mlingoti wa goli. Akainuka, akamwonyesha daktari wa timu kidole gumba kwamba yuko sawa. Kigelegele cha mkewe ndicho kilichosikika kuliko vyote: “Chuma hicho! Chuma changu!”

Sasa kamera ikamsogelea. Wapinzani walikuwa wakishangilia, mpira umetulia wavuni, naye bado amejikunja, kana kwamba kuna mtu atamnyang’anya kitu.

“Mbona mwanangu haamki?” mama yake Kufuli akauliza.

Akaamka. Glavu zilikuwa bado kifuani, vidole vimekunjwa duara, katikati hamna kitu. Akatabasamu, akamwashiria beki wake asogee pembeni. Kisha akavuta mkono nyuma, akamrushia mpira ambao hakuwa nao.

“Mtoeni!” mkewe akaipigia kelele televisheni. “Jamani, mtoeni!”